Sura ya Nne: Dawa Iliyosahaulika Ikiwa Mkononi

Januari 1499 Vasco da Gama alitia nanga Malindi akiwa na merikebu zilizojaa wagonjwa. Miezi tisa kabla yake, alipoondoka bandari hiyo hiyo kwenda India, bahari ilimchukua chini ya mwezi mmoja tu. Alikuwa na rubani aliyeijua njia, na kusi ilikuwa inaanza kuvuma. Wakati wa kurudi hakusubiri. Aling'oa nanga pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika, jambo ambalo nahodha wa Mvita au wa Maskati asingelifanya kwa hiari yake. Matokeo yake ni kwamba alikaa baharini karibu miezi mitatu, mara bahari imetulia tuli, mara upepo unamrudisha alikotoka. Mmoja wa watu wake aliandika shajara ya safari hiyo, nayo inaeleza namna fizi zilivyowavimba mabaharia hadi zikafunika meno wasiweze kula, miguu ikavimba, kisha wakafa. Watu 30 walitoswa baharini katika kuvuka huko, mbali na wengine waliokufa kabla. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kushika kamba.

Walipofika Malindi, da Gama alimtuma mtu nchi kavu kuleta machungwa, kwa sababu wagonjwa wake walikuwa wakiyatamani sana. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata, kusini kidogo ya Tanga ya leo, aliichoma moto moja ya merikebu zake, São Rafael, kwa kuwa hakuwa tena na watu wa kuiendesha.

Ugonjwa huo ni kiseyeye. Leo mwanafunzi yeyote wa sekondari atakwambia unatokana na upungufu wa vitamini C. Hata hivyo, msomaji, simama kidogo kwenye yale machungwa. Shajara haisemi kwamba tabibu ndiye aliyeyaagiza. Walioyataka ni wagonjwa wenyewe, watu wa kawaida, wengi wao hata kusoma hawajui. Miezi tisa kabla, Aprili 1498, wenzao waliokuwa wameanza kuugua walipata nafuu walipofika Mombasa wakapata vyakula vibichi, na jambo la namna hiyo halisahauliki haraka. Ina maana mwaka 1499 dawa ya kiseyeye ilikuwa inajulikana, na ilikuwa inauzwa ufukweni Malindi kwa bei ndogo. Mpaka mwanasayansi aje aishike mkononi ile chembe hasa inayotibu, ilipita miaka zaidi ya 430. Katika muda huo dawa ilipatikana, ikapotea, ikapatikana tena, ikapotea tena.

Kisa cha kiseyeye kinapendwa sana na waandishi wa vitabu vya biashara. Everett Rogers, mwanasosholojia wa Marekani aliyeandika kitabu maarufu kuhusu jinsi mambo mapya yanavyoenea katika jamii, alikifanya kiwe mfano ambao walimu wa uongozi wanaurudia hadi leo. Kwa kawaida husimuliwa hivi: mwaka 1601 nahodha mmoja Mwingereza aligundua kwamba maji ya limau yanazuia kiseyeye, mwaka 1747 daktari akathibitisha kwa majaribio, jeshi la majini la Uingereza likaanza kuyagawa mwaka 1795. Karibu karne mbili nzima za kuzembea! Baada ya hapo msikilizaji anaambiwa kwamba urasimu ni adui wa ubunifu, na semina inakwenda kunywa chai.

Kisa chenyewe ni cha kweli, ila kimekatwa mkia. Kinaishia 1795 kana kwamba baada ya hapo watu waliishi raha mustarehe, wakati sehemu inayotuhusu zaidi inaanzia hapo hasa. Hata sehemu ya mwanzo, ukiitazama kwa karibu, si hadithi ya uzembe.

Nahodha wa 1601 ni James Lancaster. Aliongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyokuwa imepata hati yake siku ya mwisho ya mwaka 1600. Hakuwa mgeni wa bahari yetu: miaka kumi nyuma alikuwa amekaa Zanzibar kwa miezi kadhaa akiwa na merikebu ya Edward Bonaventure, na mabaharia wenzake wengi walipotea katika safari hiyo. Safari hii alikuwa na merikebu nne. Katika yake mwenyewe, Red Dragon, alipakia chupa za maji ya limau, na kila asubuhi baharia alipewa vijiko vitatu kabla ya kula chochote. Walipofika ncha ya kusini ya Afrika, mabaharia wa merikebu nyingine tatu walikuwa hoi kiasi kwamba watu wa Lancaster ilibidi wapande kwenda kuwashushia mashua. Wafanyabiashara wa London hawakuhitaji mhadhara kuhusu jambo hilo. Baharia akifa, tanga halipandi na pilipili haifiki sokoni. Mwaka 1617 daktari wao John Woodall alichapisha mwongozo wa matabibu wa merikebuni na humo akayasifu maji ya limau.

Basi kwa nini hayakushika? Kwa sababu kila tabibu alikuwa na kisa chake, na visa havikuwa vya malimau peke yake. Kulikuwa na walioapa kwa siki, walioapa kwa mvinyo wa tofaa, na walioapa kwa hewa safi na kufanya kazi kwa bidii. Wasomi walipoulizwa ni nini ndani ya limau kinachotibu, walijibu kwa kujiamini: ukali wake. Jibu hilo lina mantiki kabisa, na ndilo lililoua watu. Kama dawa ni ukali, limau la nini? Ni ghali, linaoza, linatoka Italia au Hispania, nchi ambayo Uingereza mara nyingi ilikuwa ikipigana nayo. Siki ni kali. Asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji ni kali zaidi, ni rahisi, na haiozi milele. Jeshi la majini likawanywesha mabaharia wake asidi ya salfa kwa miaka mingi likiamini linawatibu.

Katika hali hiyo George Anson aliondoka Uingereza mwaka 1740 na watu karibu 1,900 kwenda kuwashambulia Wahispania katika Pasifiki. Aliporudi mwaka 1744, zaidi ya 1,300 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kiseyeye. Waliouawa na adui ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Alirudi na hazina kubwa ya fedha aliyoiteka, na taifa likamshangilia.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Mei 1747, tabibu kijana Mskoti aliyeitwa James Lind alifanya jambo dogo ndani ya manowari Salisbury. Aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye waliofanana hali, akawaweka sehemu moja, akawalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa mvinyo wa tofaa, wawili matone ya asidi ya salfa, wawili siki, wawili maji ya bahari (masikini), wawili mchanganyiko wa vitunguu saumu na haradali. Wawili wa mwisho walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wao alikuwa amerudi kazini, na mwenzake alikuwa amepata nguvu hata akapewa kazi ya kuwauguza wale wengine kumi.

Vitabu vingi vinasema hilo ndilo jaribio la kwanza la kitabibu lililolinganisha dawa kwa haki. Mimi sina ugomvi na sifa hiyo. Ninachotaka msomaji akione ni kile Lind alichokifanya baadaye, maana hapo kisa kinapata uchungu wake. Alichapisha kitabu kinene mwaka 1753, na jaribio lile limechukua kurasa chache tu ndani yake. Sehemu kubwa inayobaki ni nadharia: kwamba kiseyeye kinatokana na unyevu wa baharini kuziba vinyweleo vya ngozi, jasho lisitoke, mwili ukaoza kwa ndani. Alikuwa ameishika dawa mkononi, na bado hakuamini kwamba kuikosa ndiko kunakoleta ugonjwa. Kwa kuwa matunda huoza, alipendekeza yakamuliwe, maji yake yachemshwe taratibu kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama asali, kisha yafungwe katika chupa. Yatabaki na ukali wake wote, alisema. Ni kweli, ukali ulibaki. Lakini vitamini C inauawa na moto na hewa. Zile chupa zilipopelekwa baharini kujaribiwa hazikumsaidia mtu, na maofisa waliohitimisha kwamba malimau hayana maana walikuwa na ushahidi mbele yao. Sijui ni mkurugenzi gani wa leo angeamua tofauti akiletewa ripoti kama ile.

James Cook naye aliongeza giza, bila kukusudia. Alizunguka dunia kati ya 1768 na 1771 bila kumpoteza mtu kwa kiseyeye, na mwaka 1776 akatunukiwa nishani ya sayansi. Alikuwa amebeba kila kitu: kimea, kabichi iliyochachushwa, maji ya limau yaliyochemshwa. Kila nchi kavu aliyoifikia alinunua au kuchuma mboga mbichi. (Kabichi mabaharia waliikataa, wakasema chakula gani hiki. Cook akaamuru iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa, mabaharia waachiwe hiari yao. Haikupita wiki wakaanza kuigombania. Somo hilo la biashara nalikubali bila masharti.) Alipotakiwa aseme ni kipi kilichofanya kazi, alisifu zaidi kimea, ambacho vitamini C yake ni kama haipo. Jaribu mambo kumi kwa pamoja, ufaulu, kisha usifu lile unalolipenda wewe au wakubwa wako: nadhani msomaji anazijua taasisi zinazoendeshwa hivyo.

Aliyeufungua mlango hatimaye ni Gilbert Blane. Hakuwa mtafiti kumshinda Lind. Alikuwa na kitu ambacho Lind hakuwa nacho, yaani watu wa kumsikiliza: daktari wa admirali, mwenye kuingia nyumba za wakubwa. Mwaka 1794 manowari Suffolk ilisafiri wiki 23 hadi India bila kutia nanga njiani, mabaharia wakichanganyiwa maji ya limau na sukari katika pombe yao ya kila siku. Hakufa mtu kwa kiseyeye. Mwaka uliofuata agizo likatolewa kwa jeshi zima la majini. Lind alikuwa amefariki Julai 1794. Katika miaka iliyofuata Uingereza iliweza kuzifunga bandari za Ufaransa miezi kwa miezi bila manowari zake kurudi nyumbani kuuguza watu, na wako wanahistoria wanaosema Napoleon alishindwa na limau kama alivyoshindwa na mizinga.

Hapa ndipo walimu wa semina hufunga kitabu. Sisi tuendelee.

Malimau ya jeshi yalitoka Sicily na Malta. Katika miaka ya 1860 watu wa manunuzi waliliona jambo ambalo mtu yeyote wa manunuzi angeliona: Uingereza ilikuwa na makoloni yake Karibiani yenye mashamba ya ndimu. Kwa nini fedha ziende kwa wageni? Mabaharia walikuwa wakiyaita matunda hayo mawili kwa jina moja, na ndimu ni kali kuliko limau. Kama dawa ni ukali, basi hii ni dawa bora tena kwa bei nafuu. Sheria ya 1867 ikalazimisha merikebu za biashara pia kubeba maji ya ndimu au ya limau, na kampuni zikafanya faida nzuri. Maji yenyewe yalikaa kwenye matangi wazi, yakapitishwa kwenye mabomba ya shaba, yakahifadhiwa kwa miezi. Hewa huipunguza vitamini C, na shaba huharakisha kazi hiyo. Kilichokuwa kinanywewa mwishoni kilikuwa maji makali tu.

Na hakuna aliyegundua. Hilo ndilo la kutisha. Enzi ya meli za moshi ilikuwa imefika, safari zimekuwa fupi, na mwili wa binadamu una akiba inayoweza kumvusha mwezi mmoja hadi mitatu kabla dalili hazijatokea. Mabaharia walikuwa salama kwa sababu walifika bandarini mapema, na sifa ikaenda kwa ndimu.

Ukweli ulijitokeza mahali ambapo hakuna bandari. Msafara wa George Nares ulioelekea Ncha ya Kaskazini mwaka 1875 ulikuwa na maji ya ndimu ya kutosha, na watu waliyanywa majira yote ya baridi. Majira ya kuchipua ya 1876, vikosi vilivyotoka kuvuta sleji barafuni vilianguka kwa kiseyeye kimoja baada ya kingine. Tume ya uchunguzi ilimlaumu Nares kwa kutowapa watu wa sleji maji ya ndimu. Madaktari wengine walifikia hitimisho la kinyume: kama watu wamekunywa na bado wameugua, basi hizi habari za ndimu na limau ni ngano za mabaharia wa zamani. Wakatafuta sababu nyingine, wakaipata katika sumu ya nyama ya makopo iliyoharibika.

Robert Scott alipokwenda Antaktika mwaka 1901 daktari wake mkuu, Reginald Koettlitz, alikuwa mfuasi wa nadharia hiyo ya makopo. Kila kopo lililofunguliwa lilichunguzwa na kunuswa kabla ya kuliwa. Kiseyeye kikaja vilevile. Walipona walipoanza kula nyama safi ya sili kwa wingi, wakaona nadharia yao imethibitika: nyama safi haina sumu! Kumbe sili, kama wanyama walio wengi, hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, na ukila nyama yake bila kuipika sana unaipata. Nadharia ya uongo ilitoa ushauri wa kweli, ikazidi kuaminiwa. Katika miongo hiyo hiyo, katika nyumba za matajiri wa Ulaya, watoto wachanga walikuwa wanavimba miguu na kutoka damu kwenye fizi. Thomas Barlow, daktari wa London, alionyesha mwaka 1883 kwamba ni kiseyeye. Walikuwa wakilishwa maziwa yaliyochemshwa na unga wa dukani, vyakula vya kisasa vya gharama. Watoto wa maskini walionyonya waliepukana nacho.

Fundo lilifunguliwa kwa bahati. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei, waliokuwa wakichunguza ugonjwa mwingine kabisa, waliwalisha simbilisi nafaka tupu na wakashangaa kuona kiseyeye. Wangechagua panya wasingeona kitu, maana panya hujitengenezea vitamini hiyo. Simbilisi, kama binadamu, hawezi. Sasa kulikuwa na mnyama wa kupimia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Harriette Chick na wenzake huko London walipima matunda moja baada ya jingine, wakaona ndimu haifikii hata nusu ya nguvu ya limau, na maji yake yaliyohifadhiwa ni kama hayana kitu. Mwenzao Alice Henderson Smith aliingia kwenye kumbukumbu za jeshi la majini, akafuata hati za manunuzi nyuma hadi karne ya 19, na mwaka 1919 akaandika kilichotokea: tunda lilibadilishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Albert Szent-Györgyi alipata vitamini yenyewe kwa wingi kutoka kwenye pilipili za Szeged, Hungaria, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mimi siulaumu urasimu kama wale walimu wa semina. Urasimu wa 1795 ulifanya vizuri: ulitoa agizo, likatekelezwa, watu wakapona. Kilichokosekana ni sababu. Agizo lilisema mpe baharia limau, halikusema kwa nini, kwa kuwa aliyeliandika hakujua. Agizo lisilo na sababu linadumu mradi hakuna kinachobadilika. Likija suala la bei, la mzabuni mpya, la kupunguza hatua moja, hakuna mtu ndani ya ofisi anayeweza kusema hapana, hiki hakibadilishwi. Aliyenunua ndimu hakuwa mjinga wala fisadi. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri.

Mambo hayo hayakuishia kwenye manowari. Wareno wale wale waliokuwa wakifa kwa kiseyeye ndio walioleta muhogo Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na kwa vizazi vingi kina mama wa Kongo wameiondoa kwa kuuloweka muhogo siku tatu hivi kabla ya kuuanika na kuutwanga. Wangeulizwa kwa nini siku tatu, wengi wangejibu kwamba ndivyo unavyolainika, ndivyo tulivyofundishwa. Barabara ya lami ilipofika Bandundu, malori ya Kinshasa yakaanza kununua muhogo kwa wingi. Siku tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Unga ulikuwa mweupe vilevile. Kisha watoto na kina mama wakaanza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, hawawezi kusimama, na hawakupona. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, uliwalemaza zaidi ya watu 1,000. Daktari kijana aliyekuwa huko, Hans Rosling, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa kitabu chake cha takwimu za dunia, aliutafiti ugonjwa huo kwa miaka mingi, na yeye na wenzake wa Kongo ndio walioonyesha uhusiano wa konzo na soko la Kinshasa. Tarime na Mtwara nazo zimewahi kuupata.

Huko Kongo, katika eneo la Popokabaka, kijiji cha Kay Kalenda, watafiti walikwenda mwaka 2010 na njia mpya. Unga unalowanishwa maji, unatandazwa tabaka jembamba juani saa mbili au kivulini saa tano, na sumu inatoka ikiwa gesi. Haihitaji chombo wala siku za ziada, na kina mama walielezwa nini kinatoka na kwa nini tabaka liwe jembamba. Hakukuwa na mgonjwa mpya wa konzo kijijini hapo katika muda wa mradi. Vijiji vitatu vya jirani viliipokea njia hiyo bila kutembelewa na mtafiti yeyote. Walisikia kwa wanawake wa Kay Kalenda.